Breki Zilisingiziwa: Kisa cha Beringi za Mbele kwenye Land Cruiser ya Kulala

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, ile ndefu ambayo kiwandani ilitoka na mabenchi ya ubavuni, injini 1HZ ya dizeli ya lita 4.2. Wasafiri waliokuja nalo kutoka kusini mwa Afrika walikuwa wameinua paa, wakang'oa mabenchi, wakaweka kitanda, jiko la gesi, sinki, makabati ya mbao na tangi la maji. Safari ilipokwisha waliliuza, na baada ya kupita mikono kadhaa likamfikia mpima ardhi mstaafu wa Tanga. Yeye na mkewe hulitumia kiangazi kuzunguka nchi. Masika ikianza linaegeshwa uani, umbali mfupi kutoka baharini, na halitoki hapo mpaka mvua ziishe.

Lililetwa gerejini kwetu Ipogolo, pale chini Iringa barabara kuu inapopita, likiwa linatoka hifadhi ya Ruaha. Shida aliyoieleza mwenyewe ilikuwa moja tu: breki. "Fundi, kanyagio linazama. Si mara zote. Lakini kesho nateremka Kitonga, na siwezi kuteremka Kitonga na breki ya kubahatisha."

Anayeijua Kitonga hahitaji kuelezwa hofu hiyo. Ukitoka Iringa kwenda Morogoro mlima ule unaushuka, kona juu ya kona, malori mbele na nyuma. Kwa gari zito lenye nyumba mgongoni, kanyagio linalozama ni sababu ya kutosha ya kulala mjini siku nyingine.

Historia ya matengenezo ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia. Tanga walibadilisha pedi za mbele na kutoa upepo kwenye mafuta ya breki. Njiani, gereji nyingine ikabadilisha masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na kanyagio) na kutoa upepo tena. Kila mara breki ilirudi vizuri kwenye lami, mzee akaondoka ameridhika, kisha barabara ya vumbi ikaanza na ugonjwa ukarudi. Kuanzia Idodi hadi getini Ruaha, kanyagio lilikuwa likishuka karibu na sakafu kila alipotaka kupunguza mwendo baada ya kipande kibovu.

Nikamuuliza: ukikanyaga mara ya pili papo hapo? "Inasimama juu, ngumu kabisa."

Jibu hilo lilinitosha kuacha kufikiria upepo na masta. Kanyagio lenye upepo ndani huwa kama sponji. Ukilipiga mara kadhaa linapanda lakini halina ugumu wa kweli. Masta silinda mbovu hukuacha umelikanyaga kwenye taa nyekundu nalo linateremka taratibu chini ya mguu. Hili lilikuwa linazama mara ya kwanza, likisimama imara mara ya pili, na lilifanya hivyo baada ya mtikisiko tu. Kuna kitu kilikuwa kinazisukuma pedi zirudi nyuma kati ya kanyago moja na jingine, halafu kanyago la kwanza linaishia kuzirudisha kwenye disiki.

Wa kwanza kushukiwa kihalali ni ngoma za breki za nyuma. Viatu vya breki vikikaa mbali na ngoma kwa sababu marekebisho hayafanyi kazi, kanyagio la kwanza huzama na la pili hupanda vilevile. Ila ngoma haichagui barabara. Ingekuwa hiyo, lami nayo ingeonyesha dalili. Tulifungua nyuma kwa uhakika, tukakuta viatu vimekaa vizuri, tukafunga.

Likabaki gurudumu la mbele. Land Cruiser za familia hii zina kalipa (vishikio vya pedi) za mbele zilizofungwa imara, zenye pistoni pande zote mbili za disiki. Kalipa ya namna hiyo haitembei. Habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba disiki, ikiwa na uhuru wa kucheza, disiki inainama ndani ya kalipa, inaipiga pedi ya upande mmoja, kisha ya upande wa pili, na pistoni zinarudi ndani. Dereva hasikii kitu. Anachokipata ni nafasi tupu kati ya pedi na disiki siku anapohitaji breki haraka. Kwa hiyo gereji zote mbili zilikuwa zimetengeneza breki isiyo na ugonjwa.

Tuliinua upande wa kushoto kwa jeki, tukaweka stendi chini ya ekseli. Mkono mmoja juu ya tairi, mwingine chini, vuta na sukuma. Gurudumu likacheza, mlio wa "tok" ukasikika. Hapa mafundi wengi huruka moja kwa moja kwenye hukumu, na hapa ndipo beringi za kingipini (egemeo ambalo gurudumu hugeukia ukikata usukani) huponza watu, maana nazo zikilegea gurudumu linacheza juu na chini vivyo hivyo. Njia ya kuzitenganisha haina gharama: mtu mmoja akanyage breki, wewe urudie kutikisa. Breki inaifunga habu na spindo yake (kile chuma cha duara kinachobeba beringi) kuwa kitu kimoja. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ugonjwa uko kwenye kingipini. Huu ulipotea wote.

Upande wa kulia haukucheza hata kidogo, na mke wa mzee, aliyekuwa amesimama kando na kikombe cha chai akifuatilia kila hatua, akasema, "Basi afadhali huo mmoja ni mzima." Nikamwomba asubiri, mama, tuuzungushe kwanza. Ulizunguka kwa uzito, ukasimama mapema, na ukiushika karibu na chemchemi za majani (springi za vyuma bapa), chuma kilikuwa kinatetemeka kidogo mkononi. Hiyo siyo afya. Gurudumu lisilocheza kabisa na lisilotaka kuzunguka lina ugonjwa uleule, limeugua kwa upande wa pili.

Niliwauliza kama hawakuwahi kusikia ngurumo. Hawakusikia, na sikushangaa. Gari la kawaida lina sauti ya injini na ya tairi, hivyo beringi inayonguruma unaibaini mapema, hasa ukikata kona ya kulia na mzigo ukaegemea gurudumu la kushoto. Gari la kulala lina sufuria, vijiko, mtungi wa gesi, milango ya kabati na tangi la maji linalopiga mawimbi. Kwenye barabara ya vumbi hakuna sikio litakalochambua kelele hizo zote. Magari haya hayafai kupimwa kwa masikio. Ni mkono, kipimo na kuyafungua tu.

Kabla sijaeleza tulichokikuta ndani, ni vizuri tukubaliane beringi hizi zinafanyaje kazi, kwa sababu kosa zima la kisa hiki limo humo. Kila habu ya mbele ina beringi mbili za rola zilizochongwa kama koni, zimewekwa zikipeana migongo kinyume. Mtindo huu ni wa zamani: Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1898, akitafuta beringi itakayobeba uzito wa gari na papo hapo kuhimili msukumo wa pembeni kwenye kona. Rola za koni zinaweza yote mawili. Sharti lake ni kwamba hazijipangi zenyewe. Nati iliyo mwisho wa spindo ndiyo inayoamua koni (pete za ndani) ziingie kiasi gani ndani ya vikombe vyake (pete za nje). Ikilegea, uzito wote unabebwa na rola chache za chini na habu inayumba. Ikikazwa kupita kiasi, vichwa vinene vya rola vinasuguana na ukingo wa koni, grisi inaungua. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi finyu, na mkono peke yake hauwezi kuipata.

Tulianza kushoto. Kalipa ikatolewa na kufungwa kwa waya kwenye chemchemi, isiachwe ikining'inia kwenye mpira wa mafuta. Kufuli ya habu ikafuata, ile ya kugeuza kwa mkono ili kuingiza magurudumu ya mbele kazini, kisha saklipi ya mwisho wa shafti. Nati za mwili wa kufuli zina washa za koni zilizojibana kwenye bolti. Ukizichokonoa kwa bisibisi utazivunja. Zinatoka kwa kugonga kichwa cha bolti kwa nyundo ya shaba nyeupe, au nyundo ya kawaida yenye kipande cha shaba katikati, mpaka zirukie nje zenyewe.

Ndani tukaikuta ile niliyokuwa nikiitarajia: nati ya kufungia yenye alama za tindo kila upande. Nati hizi huhitaji soketi ya milimita 54, ndefu na nyembamba. Asiye nayo huweka tindo kwenye kona ya nati, anapiga kwa nyundo mpaka izunguke. Inafunguka na inafungika. Lakini vipande vidogo vya chuma vinavyochongoka huangukia kwenye grisi, na hakuna binadamu anayejua amekaza kwa nguvu kiasi gani. Washa ya kufungia, ambayo meno yake hukunjwa moja kuelekea ndani na jingine nje ili nati mbili zisitembee, ilikuwa imetumika mara nyingi mpaka meno mawili yamekatika na la tatu halikukunjwa kabisa. Nati ya ndani niliizungusha kwa vidole.

Grisi ya beringi ya nje ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyoharibika. Ya ndani, nyuma karibu na sili (mpira wa kuzuia maji na grisi), ilikuwa nyeupe zaidi na imejaa maji. Na kilichonisikitisha kitaalamu ni kwamba katikati ya rola hapakuwa na grisi ya kutosha. Ilikuwa imepakwa nje, ikajazwa kwenye tumbo la habu, lakini haikusukumwa ndani ya keji inayoshika rola. Ukiitazama kwa haraka unaona grisi nyingi na unafunika.

Tuliosha vikombe kwa mafuta ya taa, tukavikausha, tukavileta juani. Nusu moja ya kikombe cha beringi ya ndani ilikuwa na mistari ya kutu iliyopangika kwa nafasi zinazolingana, nafasi ileile iliyopo kati ya rola na rola. Nusu nyingine ilikuwa karibu safi. Kutu ya namna hiyo haitokani na kuendesha gari. Inaandikwa gari likiwa limesimama. Maji yaliyochanganyika na grisi yanatulia chini, rola zimekaa palepale kwa miezi, na pale chuma kinapogusana na chuma kutu inachora. Gari likianza kutembea, kila rola inapita juu ya mistari ile, inaibandua vipande, na unga wa chuma unaanza kula sehemu iliyobaki.

Maji yaliingiaje? Sili ya nyuma ya habu ilikuwa imepigwa upande mmoja ikaingia imeinama, na mdomo wake ulikuwa umechimba kijifereji kwenye sehemu inayopitia. Hiyo peke yake ingetosha. Ila kuna jambo ambalo madereva wa porini hulisahau: habu iliyotoka kwenye mwendo mrefu ni ya moto, na hewa iliyomo imetanuka. Ukiingiza gurudumu hilo kwenye mto, hewa inapoa ghafla na kusinyaa, na habu inavuta. Ikiwa sili ni dhaifu, inavuta maji. Vitabu vinashauri usimame dakika kadhaa kabla ya kuvuka habu zipoe. Ushauri mzuri sana, japo ndani ya Ruaha kuna vivuko ambavyo husimami ukashuka kupapasa magurudumu. Bomba la kupumulia la ekseli ya mbele nalo lilikuwa limeziba kwa tope, kwa hiyo ekseli yote ilikuwa ikitafuta pumzi kupitia sili zake. Tulilizibua kwa waya na kulipuliza.

Spindo ya kushoto ilikuwa na ngazi pale inapokaa beringi ya nje, ngazi unayoikwaza kwa ukucha. Koni za beringi hizi huingia kwa kuteleza, na kuzunguka kidogo kidogo juu ya spindo ni kawaida. Lakini nati ikilegea kuzunguka huko kunakuwa kula. Kipimo cha venia kilionyesha upungufu ambao msasa usingeutibu. Tukatafuta spindo ya mtumba iliyo nzima mjini, tukaipata, na hiyo ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yote.

Upande wa kulia ulisimulia hadithi iliyo kinyume. Alama za tindo zilikuwepo, lakini nati ilikuwa imebanwa vibaya. Grisi ilikuwa kahawia iliyoiva, kavu pembeni, yenye harufu ya kuungua. Vichwa vinene vya rola vilikuwa vimekwaruzika na ukingo wa koni umegeuka rangi ya majani makavu, ishara ya joto. Maji hayakuwa mengi huku, kwa sababu sili ilikaa sawa.

Yaani mikono ileile, katika kazi ileile, ilitoa upande mmoja uliolegea na mmoja uliokazwa mno. Sitaki kumdhalilisha fundi aliyefanya kazi hiyo. Gereji nyingi kati ya Tanga na Mbeya hazina soketi ya 54, na mteja akija usiku na safari alfajiri, tindo ndilo linalopatikana. Lakini magurudumu haya mawili yakiwekwa kando kwa kando ni ushahidi tosha kwamba tindo halina kipimo. Umri wa gari hauhusiki hapa. Beringi za koni zilizokazwa kwa kiasi sahihi na kupewa grisi safi hutembea maelfu kwa maelfu ya kilomita. Ratiba ya kawaida ya Land Cruiser hizi ni kufungua na kupaka upya kila kilomita 40,000, na mapema zaidi kwa gari linaloogelea.

Mzee, mtu aliyeishi kwa kupima, alilielewa hili haraka kuliko nilivyozoea. "Kwa hiyo mnakaza kwa kubahatisha?" Nikamjibu kwamba sisi hapana, na nikamtolea mizani ya ndoano.

Ndiyo, ile ya sokoni ya kupimia samaki au gunia dogo la maharage. Toyota wanataka ukazaji wa beringi hizi upimwe kwa mizani ya kuvuta: unaifunga kwenye bolti moja ya gurudumu, unavuta kwa kufuata mzunguko, na unasoma pale habu inapoanza kuzunguka. Kinachotakiwa ni kati ya kilo 3 na 5 na nusu hivi. Chini ya hapo imelegea, juu ya hapo imebana. Mizani ya ndoano yenye alama za nusu kilo, iliyolinganishwa kwanza na paketi ya sukari ya kilo moja na ya mbili, inafanya kazi hiyo kwa usahihi unaotosha. Sijawahi kuona chombo cha bei rahisi kama hicho chenye faida kubwa hivyo kwenye gereji, na bado kinanunuliwa na wauza samaki peke yao.

Kuunganisha upya kulikwenda hivi. Beringi nne mpya pamoja na vikombe vyake, maana kikombe cha kampuni moja hakiolewi na koni ya kampuni nyingine, na kikombe cha zamani hakipewi rola mpya. Beringi za Toyota hizi zilikuja na jina la Koyo, na kwa kuwa maboksi ya kughushi yamejaa, tuliangalia maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe badala ya karatasi: yawe makali, yalingane kwenye kikombe na kwenye koni. Vikombe viliingizwa kwa kutumia vikombe vya zamani kama kisukumio, vikigongwa kwa zamu pande zote mpaka mlio ubadilike kuwa mzito, dalili kwamba vimefika chini.

Grisi tuliyotumia ni ya lithiamu changamano, namba 2, ya beringi za magurudumu. Ile nyeusi yenye molibdenamu tuliiacha kwa ajili ya viungo vya shafti ndani ya kichwa cha ekseli, ndiko Toyota wanakoitaka. Kuchanganya grisi mbili zenye msingi tofauti huzifanya zilainike na kutiririka, kwa hiyo ya zamani ilioshwa yote, pamoja na tumbo la habu. Beringi iliyooshwa haikaushwi kwa kuizungusha na upepo wa kompresa. Inaweza kuachia rola usoni kwa mtu. Kuijaza hakuhitaji mashine: fungu la grisi kiganjani, unasukuma upande mpana wa beringi kwenye kiganja tena na tena mpaka grisi itokee upande wa pili katikati ya rola, kisha unasogeza kidogo na kurudia mzunguko mzima. Mama aliomba kujaribu moja. Aliijaza vizuri kuliko msaidizi wangu, na aliambiwa hivyo msaidizi akisikia.

Sili mpya ilisukumwa sawasawa, mdomo wake ukapakwa grisi. Habu ikarudi kwenye spindo, washa yake yenye ulimi ikakaa kwenye mfereji, nati ya kurekebishia ikafuata. Hapo soketi ya 54 ikachukua kazi. Kaza kwanza hadi nyutoni-mita 59, sawa na kilo 6 zikining'inia kwenye mpini wa mita moja. Zungusha habu kulia na kushoto mara kadhaa rola zijipange, kaza tena kiasi hicho. Legeza mpaka nati izunguke kwa mkono. Sasa ikaze polepole, kiasi cha nyutoni-mita 5 na kidogo, kisha mizani.

Kushoto ilisoma chini kidogo ya kilo 4. Washa mpya ya meno ikaingia, nati ya pili ikakazwa kwa nyutoni-mita 64, mizani ikarudi kazini, na safari hii ilisoma karibu na 5. Hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika dakika ya mwisho. Nati ya kufungia inapokazwa huisukuma ya kwanza ndani kwa kiasi cha ulegevu wa nyuzi zake, hivyo mbano unapanda. Asiyepima mara ya pili atafunga gari akiamini ana 4 kumbe ana 6. Upande wa kulia ulitulazimu kufungua na kurudia kwa sababu hiyohiyo. Ndipo meno ya washa yakakunjwa, moja ndani, jingine nje, na kila kitu kikafungwa kwa gaskiti mpya.

Breki hatukuzigusa zaidi ya kurudisha kalipa mahali pake na kukanyaga mpaka pedi zishike. Hatukutoa upepo. Nilitaka mzee mwenyewe aone kwamba mafuta ya breki na masta yake mpya hayakuhusika.

Tulitoka na gari kuelekea Kalenga, tukaendelea na barabara ya Ruaha mpaka palipo vijimatuta vya mfululizo, tukapita kwa mwendo ule aliouzoea, kisha nikamwambia akanyage. Kanyagio lilisimama juu mara ya kwanza. Tuliporudi tulishika habu zote mbili: vuguvugu, zikilingana. Joto peke yake halitoshi kuhukumu beringi, kwa kuwa breki nayo hutia joto, lakini tofauti kati ya kushoto na kulia baada ya njia moja inasema kitu. Siku aliyoileta, upande wa kulia haukushikika. Kitonga waliishuka asubuhi iliyofuata kwa gia nzito, na ujumbe wake kutoka Ruaha Mbuyuni ulikuwa wa neno moja: "Imara."

Kuna mawili tuliyojadiliana kabla hajaondoka, moja tukakubaliana na jingine hapana.

La kwanza ni ratiba. Wenye magari ya kulala huyafanyia huduma kabla ya safari, na inaonekana busara. Kwa beringi nadhani ni kinyume. Gari linalorudi kutoka kwenye mito na vumbi likaegeshwa na grisi ileile kwenye hewa ya chumvi ya Tanga, ndilo linalochorwa kutu masika nzima. Grisi safi inahitajika siku gari linapoanza kukaa. Kwa hiyo tulipanga beringi zifunguliwe mwishoni mwa kiangazi, kabla ya Machi, na wakati wa masika gari lisogezwe mara kwa mara mzunguko mzima wa tairi na kitu, ili rola zisilale sehemu moja. Kabla ya safari atapima kwa mizani tu, na mizani ameshanunua yake.

La pili ni rimu. Gari lina rimu pana ambazo wale wasafiri walizifunga ili lisimame vizuri kwenye mchanga, na zimelitoa gurudumu nje karibu sentimita tatu kila upande. Ukilitazama linapendeza. Lakini spindo imepangwa ili uzito ushuke karibu na beringi ya ndani, ambayo ndiyo kubwa. Gurudumu likitoka nje, mzigo unahamia kwenye ile ndogo ya nje, na kila shimo linapata mkono mrefu zaidi wa kuipinda habu. Ngazi ile kwenye spindo ya kushoto ilikuwa palepale inapokaa beringi ya nje, na siamini kwamba nati iliyolegea ilifanya kazi hiyo peke yake. Injini ya chuma kizito, ngao ya mbele na winchi vimeshaibebesha ekseli hii vya kutosha. Nilimshauri atafute rimu za chuma za asili, zinapatikana, na si ghali kwa mtumba.

Amekataa. Anasema rimu zile zimemvusha mahali ambapo wengine walichimba kwa koleo, na tairi alizonazo bado mpya. Basi tumepunguza muda wa kufungua beringi zake hadi kilomita 20,000, tumeandika kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa kabati la sinki tarehe, usomaji wa mizani kushoto na kulia, na aina ya grisi. Spindo ya kushoto itapimwa tena kwa venia kila habu inapofunguliwa, na ikianza kuonyesha ngazi mpya tutalizungumza upya suala la rimu.